Magazeti ya Babu Yasipande Ndege

Msomaji mmoja wa Kibosho, Moshi, ameandika hivi:

"Shikamoo mzee. Babu yangu alikuwa karani wa chama cha msingi cha kahawa na alikuwa hatupi gazeti. Ametuachia tranka tatu zimejaa: Mambo Leo, Komkya, Kiongozi, Uhuru na mengine ambayo hata ukurasa wa kwanza hayana. Baba mdogo, ambaye ndiye aliyebaki kihambani, kwenye shamba la ukoo, anasema yanaleta panya, tena mengi yamechorwachorwa kwa penseli, afadhali yauzwe buchani yakafungiwe nyama. Mwezi uliopita alikuja mtafiti wa chuo kimoja cha nje. Alipoyaona alisema atayabeba akayaskani huko kwao, yawekwe kwenye mtandao wa maktaba za utafiti duniani, kisha atuletee kila kitu kwenye flash. Anaondoka baada ya wiki tatu. Nimpe? Na nisipompa, wenyewe tutaweza? Tuna kamera moja tu ya megapikseli 24, mdogo wangu anapigia picha za harusi."

Marahaba, mwanangu. Siku zako ni chache, kwa hiyo nianze na lile kubwa: usimpe. Mkaribishe, mwonyeshe tranka zote tatu, mkae naye mezani hata wiki nzima apige picha anachokihitaji akiwa hapo hapo kihambani. Lakini magazeti yasipande ndege.

Sisemi hivyo kwa kumshuku. Huenda ni mtu mwema kabisa na anayoyasema anayamaanisha. Tatizo ni kwamba hakuna mtu yeyote, wewe, yeye wala mimi, anayejua sasa hivi ndani ya hizo tranka kuna nini ambacho hakipo kwingine kokote duniani. Begi likipotea uwanja wa ndege, au chuo kikikosa fedha za mradi, hamtajua hata mmepoteza nini. Tena desturi ya kubeba nakala asili kwenda nje imeshaachwa na wakubwa wenyewe wa kazi hii. Maktaba ya Uingereza ina mpango wake wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini, Endangered Archives Programme, ulioanza mwaka 2004. Kanuni yao ni kwamba nyaraka asili hazitoki nchini mwake. Kinachosafiri ni picha, na nakala ya picha hizo lazima ibaki kwenye taasisi ya nchi husika. Mwulize mgeni wako kwa upole kama chuo chake kinafuata kanuni ya namna hiyo. Mtafiti makini hatakasirika kuulizwa.

Umetaja "mtandao wa maktaba za utafiti", na ni vizuri ujue ni kitu gani, maana jina lenyewe linatisha kuliko kazi yake. Chicago kuna taasisi iitwayo Center for Research Libraries, iliyoanzishwa mwaka 1949. Vyuo vikuu viliona haina maana kila kimoja kijaze rafu zake kwa vitu vinavyosomwa mara chache, basi vikaamua kununua na kutunza kwa pamoja. Mwaka 1963 vikaunda chini yake ushirika wa mambo ya Afrika, uitwao CAMP kwa kifupi, kazi yake ikiwa kupiga magazeti na nyaraka za bara hili kwenye maikrofilamu, yaani filamu zenye picha ndogo ndogo za kurasa, na kuazimana. Maktaba ya Bunge la Marekani nayo ina ofisi Nairobi tangu mwaka 1966, inayokusanya machapisho ya ukanda wetu, magazeti ya Tanzania yakiwemo. Kwa hiyo sehemu ya yale aliyoyatunza babu yako imeshalala kwenye maboksi ya filamu ng'ambo miaka mingi. Sehemu nyingine haipo. Kuzitofautisha sehemu hizo mbili ndiyo kazi ya kwanza, na haihitaji skana. Inahitaji daftari la mistari na penseli.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu watu wengi huiruka hatua hii wakakimbilia mashine.

Tandika shuka safi mezani, mnawe mikono na kuikausha vizuri, mtoe magazeti tranka moja kwa wakati. Kila toleo liandikwe kwenye mstari wake: jina la gazeti, mji lilikochapishwa, tarehe kama ilivyochapwa, namba ya toleo, kurasa zilizopo na zisizopo, na hali yake kwa maneno mawili matatu. Mkikuta tarehe na namba havipatani, msisahihishe. Andikeni kama ilivyo. Mji usiuache kabisa. Kulikuwa na Kiongozi lililotoka Tanga enzi za Wajerumani, na liko Kiongozi la Kanisa Katoliki lililokuja miaka mingi baadaye. Aliyeandika jina peke yake ameunganisha magazeti mawili yasiyojuana. Yale yasiyo na ukurasa wa kwanza msiyatupe wala msikisie. Mara nyingi tarehe imejificha chini ya ukurasa wa mwisho, kwenye tangazo la mnada, au kwenye habari inayosema "Jumamosi iliyopita".

Orodha ikikamilika, ilinganisheni na yaliyopo kwingine: mkusanyo wa East Africana katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Maktaba Kuu ya Taifa, Nyaraka za Taifa, na huko nje orodha za Chicago, za Maktaba ya Bunge la Marekani na za Maktaba ya Uingereza, ambazo zinasomeka bure kwenye intaneti. Mgeni wako atawafaa sana hapa, kwa kuwa kulinganisha orodha za maktaba ndiko kunakomlisha. Mkimpa kazi hiyo mtakuwa mmemheshimu na kumsaidia pia.

Nadhani mtagundua kwamba Mambo Leo haliko hatarini kama mnavyohofia. Lilikuwa gazeti la serikali, lilianza Januari 1923, lilisambazwa nchi nzima, na maktaba kadhaa zinalo. Uhuru, gazeti la TANU lililoanza mwaka 1961, nalo lina watunzaji. Komkya ni habari nyingine. Lilitolewa hapo hapo Moshi miaka ya 1950, enzi za Baraza la Wachagga na Mangi Mkuu (chifu wao mkuu) Thomas Marealle, na jina lake, kama babu yako angekuambia, ni kumekucha. Gazeti la mji mmoja huchapishwa kwa idadi ndogo, husomwa na majirani, kisha hufungia vitumbua. Ndani yake ndimo mnamobaki mambo ambayo gazeti la Dar es Salaam lisingeyapa nafasi: bei ya kahawa chama hiki na chama kile, barua za watu wakibishana kuhusu ardhi na malezi, nani kafaulu shule gani. Toleo moja la Komkya ambalo halipo Dar wala Chicago lina uzito kuliko tranka nzima ya gazeti ambalo kila maktaba inalo. Anzeni kupiga picha hapo, kwenye mapengo ya wengine, hata kama ndiyo yaliyochakaa zaidi.

Sasa tuje kwenye karatasi yenyewe. Magazeti yanageuka rangi ya chai kwa sababu yametengenezwa kwa mti uliosagwa tu, bila kuondolewa lignini, ile gundi ya asili inayoshikilia nyuzi za mti. Lignini ikikutana na mwanga na hewa hubadilika, inazaa asidi, na asidi inakata nyuzi za karatasi kidogo kidogo hadi ukurasa unavunjika ukiukunja. Joto na unyevu huharakisha yote hayo. Huko Boston Spa, Uingereza, magazeti ya taifa lao yanakaa kwenye ghala lenye nyuzijoto 14 za Selsiasi na unyevu wa asilimia 55 mwaka mzima, hewa imepunguzwa oksijeni ili moto usishike. Sisi hatuna ghala hilo, na masika ya Moshi hayamsubiri mtu. Tunaloliweza ni giza, ukavu, ulalo na utulivu.

Magazeti yalale, yasisimamishwe wala kukunjwa upya. Tafuteni kitambaa cha marekani, kifuliwe mara mbili bila sabuni ya manukato, kikauke juani, kisha kila fungu lizungushiwe humo. Maboksi yasiyo na asidi ni ghali na ni shida kupatikana, na kitambaa cha marekani kinafanya kazi nzuri sana kuliko watu wanavyodhani. Tranka zinafaa ikiwa hazina kutu ndani, zimeinuliwa juu ya mbao au tofali, na haziguswi na ukuta wa nje. Msiziweke darini chini ya bati, wala jikoni karibu na moshi. Kila baada ya wiki kadhaa zifunguliwe siku kavu, zipate hewa.

Panya baba mdogo anawasema kwa haki, lakini panya huja kwa makombo na kwa kutosumbuliwa. Wadudu wakionekana, msipulizie dawa ya mbu wala kumwaga unga wa nafthalini juu ya kurasa. Fungeni fungu ndani ya mifuko miwili ya plastiki, mtoe hewa, mzibe kwa gundi ya utepe kwa nje, liwekwe kwenye friza ya dukani inayofika nyuzi 18 hadi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Likitoka, lisifunguliwe hadi siku ya pili, ili umande unaotokea nje ya mfuko usiingie ndani. Kuvu ni kesi tofauti: baridi haiiui. Kurasa zenye kuvu zitengwe, zikaushwe kivulini penye upepo, kisha zipanguswe kwa brashi laini nje ya nyumba, mkiwa mmevaa barakoa. Na nawasihi, msitumie utepe wa selotepu hata kwa mpasuko mdogo, msipige pasi, msilamineti. Nimeona kurasa nzuri nyingi zaidi zilizoliwa na selotepu kuliko zilizoliwa na mchwa.

Kamera ya mdogo wako inatosha, kwa masharti. Hesabu ni hii. Kamera ya megapikseli 24 hutoa picha ya nukta 6,000 kwa 4,000 hivi. Ukurasa wa gazeti dogo, wa ukubwa wa A3, ukijaza fremu nzima utapata nukta zaidi ya 340 kwa kila inchi. Kiwango kinachotumiwa na mradi wa magazeti wa Maktaba ya Bunge la Marekani ni kati ya 300 na 400, kwa hiyo mmo ndani. Ukurasa mkubwa, wa A2, utapata kama 240 tu, na herufi ndogo za matangazo zitaanza kuungana. Huo upigwe mara mbili, nusu ya juu na nusu ya chini, picha zipandane kidogo katikati.

Kamera ifungwe imara ikitazama chini, sambamba kabisa na meza. Taa mbili zinazofanana, moja kila upande, zikimulika kwa mshazari wa nyuzi 45. Madirisha yafungwe, flashi izimwe. Chini ya ukurasa tandika karatasi nyeusi, la sivyo maandishi ya nyuma yatapenya na kuonekana. Rula iwe pembeni ndani ya picha. Mikunjo ibanwe kwa kioo safi bila kukandamiza. Kamera ihifadhi faili ghafi (RAW), isihifadhi JPEG pekee, ambayo hubana picha na kupoteza sehemu yake, na baadaye zigeuzwe kuwa TIFF, aina ya faili kubwa isiyopoteza kitu. Pigeni kila ukurasa kwa mfuatano, hata ulio tupu, hata wa matangazo, na msikate kingo. Pigeni kwa rangi. Sababu nitaisema mwishoni.

Majina ya faili yaanze na gazeti, kisha mwaka, mwezi, siku na ukurasa, kwa mfano uhuru_1967-02-06_03, ili kompyuta yenyewe iyapange. Ukurasa wa A3 wa rangi kwa nukta 300 ni megabaiti 52 hivi kama TIFF. Gazeti la wiki lenye kurasa 8 hufanya kurasa 416 kwa mwaka, yaani gigabaiti 22 kasoro kidogo. Kwa hiyo tranka tatu zinahitaji diski ngumu, na flash ya mgeni haitafaa. Flash hubeba mizigo, haitunzi. Wekeni nakala tatu: diski moja nyumbani, ya pili kwa ndugu anayekaa mji mwingine, ya tatu kwenye taasisi. Mtu wa kompyuta awatengenezee cheksamu za faili zote, namba fupi inayobadilika hata nukta moja ya faili ikiharibika, na kila mwaka zikaguliwe. Kuna ofisi moja niliyowahi kuisaidia ambayo iliskani kwa miezi mingi, ikaweka kila kitu kwenye diski moja, ikachoma makaratasi ili kupata nafasi. Diski ilipokufa tulibaki na orodha ya majina ya faili.

Kuhusu kutafuta maneno ndani ya picha: programu zipo, na Tesseract, ambayo ni ya bure, inasoma Kiswahili. Itajikwaa kwenye safu nyembamba, kwenye ng' iliyofifia kiapostrofi chake, na zaidi kwenye majina ya Kichagga, ambayo kamusi yake haiyajui. Australia wana mkusanyo wa magazeti uitwao Trove, ambako wasomaji wa kawaida ndio wanaosahihisha makosa ya mashine, mstari kwa mstari. Watoto wa sekondari hapo Kibosho, wanaojua kutofautisha jina la ukoo na jina la kijiji, wangefanya kazi hiyo vizuri kuliko mtaalamu yeyote wa ng'ambo. Hilo lisiwakimbize, linaweza kungoja miaka. Picha haziwezi kungoja.

Sasa makubaliano, maana lazima yaandikwe kabla kamera haijawashwa. Familia inamiliki karatasi; haki ya yaliyoandikwa ndani si yenu. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, kazi ya mtunzi anayejulikana hulindwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Gazeti la Kanisa, mkaliulizie Kanisa. Uhuru lina wenyewe. Kwa hiyo msisaini karatasi yoyote inayosema mnauza au mnahamisha haki, na mgeni naye asidai kwamba amepewa. Mnachoruhusu ni kupiga picha, na ruhusa hiyo isiwe ya mtu mmoja peke yake. Dai lenu liwe kwamba faili kubwa kamili za TIFF zibaki kwenu pamoja na PDF, seti moja iende kwenye taasisi ya Tanzania mnayoiamini, na msomaji aliye Moshi aweze kuyafungua bila kulipia. Hilo la mwisho mlishikilie. Mkusanyo wa magazeti ya Afrika ya 1800 hadi 1922, uliotengenezwa na hiyo taasisi ya Chicago pamoja na kampuni ya Readex, unafunguka kwa maktaba zilizolipia, na mwanafunzi wa Moshi ambaye maktaba yake haijalipia anaishia mlangoni. Lakini Wamarekani magazeti yao wenyewe wameyaweka wazi tangu mwaka 2007 kupitia Chronicling America, yeyote anasoma. Njia zote mbili zinawezekana, na inayochaguliwa hutegemea karatasi iliyosainiwa mwanzoni.

Kama gharama zitawashinda, zipo fedha za kazi hii. Mpango wa Maktaba ya Uingereza nilioutaja hupendelea nyaraka za zamani zaidi. Kwa magazeti ya miaka ya 1950 na 1960 ungewafaa ule wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, ulioanza mwaka 2018 kwa ajili ya nyaraka za karne ya 20 na 21. Mipango yote miwili hufadhiliwa na mfuko wa Arcadia. Maombi yanahitaji taasisi nyuma yenu na yanahitaji, kabla ya kitu kingine, ile orodha.

Picha zikishapatikana, baba mdogo atauliza kama sasa yanaweza kwenda buchani. Mwambie yaliyowapata wenzetu. Mwaka 1999 Maktaba ya Uingereza iliondoa rafuni magazeti mengi ya nchi za nje, ya Marekani yakiwemo, kwa kuwa ilishakuwa na maikrofilamu. Filamu ilikuwa nyeusi na nyeupe. Kurasa za rangi za magazeti ya New York hazikuwemo ndani yake kama zilivyochapwa. Sehemu iliokolewa na mtu binafsi aliyenunua juzuu zilizofungwa, na leo ziko Chuo Kikuu cha Duke. Nyingine zilitawanyika zikauzwa ukurasa mmoja mmoja.

Na hizo alama za penseli anazozilalamikia baba mdogo, msizifute, hata moja. Karani wa chama cha kahawa akipiga mstari chini ya bei, akaandika hesabu pembeni, akaweka tiki kwenye jina la mtu, ameacha kitu ambacho hakimo kwenye nakala ya Dar es Salaam wala ya Chicago, hata kama toleo ni lile lile. Penseli ya kijivu juu ya karatasi ya rangi ya chai hupotea kwenye picha nyeusi na nyeupe, ndiyo maana nimesema mpige kwa rangi. Kwenye daftari lenu ongezeni safu moja zaidi, muandike "mwandiko wa babu", na baba mdogo akae hapo mezani awasomee, maana mwandiko huo yeye aliuzoea tangu utotoni.